Maswali na majibu: Kuongoza watu msioketi ofisi moja

Barua nilizopokea safari hii zimetoka kwa wasomaji wa Arusha na Moshi wanaosimamia timu zilizotawanyika, wengi wao katika kampuni za utalii, ambako bukingi inafanyika mji mmoja, magari yako mji mwingine na wakala wa wageni yuko Ulaya au Marekani. Karibu zote zinazunguka jambo moja: mawasiliano yasiyo ya papo kwa papo, yaani utaratibu ambao mtu anaandika sasa na mwenzake anasoma na kujibu zamu yake ifikapo.

Dada, nina umri wa miaka 29 na ninasimamia watu sita wa bukingi, wawili kati yao wakiwa rika la wazazi wangu. Kila nikifungua simu nakuta "Habari za leo" au "Samahani, upo?" bila neno lingine. Na mimi nikiwaandikia wale wakubwa natuma shikamoo, kisha nangoja marahaba ndipo niseme shida yangu. Siku inakwisha hivyo. Nikisema tuache salamu nitaonekana sina adabu. (Msimamizi, Moshi)

Usiziache. Zifungashe pamoja na shida katika ujumbe mmoja. Mkiwa ana kwa ana, shikamoo na marahaba huchukua sekunde mbili, kisha mazungumzo yanaendelea. Katika maandishi marahaba inaweza kuja baada ya muda wa saa nne, na hapo kazi yenyewe haijatajwa bado. Ili wazee wasione kwamba binti mdogo amekuja kuwafundisha adabu mpya, mpigie simu yule mkubwa kuliko wote kabla hujatangaza lolote, mweleze tatizo, umwombe awe wa kwanza kuandika hivyo. Akianza yeye, wengine watafuata bila waraka.

Ujumbe wenyewe uwe na umbo kama hili: "Shikamoo kaka. Kuhusu wageni 4 wa kupanda mlima kwa njia ya Machame wanaoanza tarehe 9: mmoja hali ngano. Naomba uamue kama gharama ya chakula chake tuibebe sisi au tumwongezee kwenye ankara. Nahitaji jibu kabla ya Alhamisi saa 10 jioni, kwa kuwa mpishi ananunua mahitaji Ijumaa asubuhi. Nisipopata jibu tutaibeba sisi." Anayeusoma ujumbe huo akiwa kwenye daladala hana haja ya kuuliza chochote: anajua ni wageni gani, anatakiwa kuamua nini, mwisho lini na kwa sababu gani. Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inaruhusu kazi iendelee hata aliyeulizwa akiwa msibani au simu yake ikiwa imezima chaji. Itumie kwa mambo madogo yanayoweza kurekebishwa. Fedha nyingi na usalama wa mtu haviamuliwi kwa ukimya.

Tumeshagombana mara mbili na madereva kuhusu saa za kupokea wageni. Tuandike saa ya Kiswahili au ya tarakimu 24? (Mwenye kampuni, Njiro, Arusha)

Andikeni zote mbili, kila mara, hata mnapoona mnajirudia. Nilijifunza hilo kwa aibu. Katika kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi, niliandika kwenye ratiba "kupokea wageni KIA, Jumanne saa 1:00" (KIA ni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), nikiwa nimenakili saa ya ndege kutoka kwenye tiketi. Dereva, ambaye hakuwa na kosa lolote, alifika Jumanne saa moja asubuhi akiwa ameosha gari na kubeba maji ya kunywa, akawakuta wageni wameketi juu ya mabegi yao tangu saa saba usiku. Saa sita nzima! Lau ningekuwa nimeketi naye ofisi moja angeniuliza, lakini ratiba aliisoma peke yake jioni, nami nilikuwa nimelala.

Tangu hapo huandika hivi: "Jumanne tarehe 14, 01:00, yaani saa 7 usiku wa kuamkia Jumanne." Maneno "usiku wa kuamkia" yana thamani kuliko programu yoyote ya kalenda, kwa sababu "Jumanne usiku" peke yake humfanya mtu afikirie usiku unaofuata mchana wa Jumanne, na hapo mnakosana kwa siku nzima.

Kumbukeni pia kwamba sisi huku hatubadilishi saa, lakini wenzetu hubadilisha. Ujerumani tunaitangulia kwa saa 2 wakati wa baridi na saa 1 wakati wa kiangazi, na mabadiliko hufanyika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo kuna majuma machache ambayo hesabu mliyoizoea na wakala mmoja haifanani na ya mwingine. Kikao cha kila wiki kiandikwe kwa saa ya Afrika Mashariki, na kila mtu aifanyie hesabu kwake.

Maamuzi yetu yote yako kwenye kundi la WhatsApp. Mtu akirudi kutoka likizo anakuta ujumbe 600 na hajui lipi limeamuliwa. (Mhasibu, Sakina)

Kundi ni kama kijiwe: linafaa kwa maongezi, ila hakuna anayeweka hati ya kiwanja kijiweni. Fungueni waraka mmoja wa pamoja kwa kila safari, na juu yake wekeni sehemu ya maamuzi yenye tarehe, kilichoamuliwa, aliyeamua na sababu. Sababu ndiyo huachwa mara nyingi, na ndiyo inayotafutwa baada ya miezi mitatu, mtu anapouliza kwa nini tulibadilisha hoteli. Aliyetoa uamuzi kundini ndiye aunakili kwenye waraka siku hiyohiyo. Kazi hiyo ikiachiwa "mtu yeyote", haitafanyika. Anayerudi likizo asome waraka, ule ujumbe 600 aufute kwa amani.

Na mkiwa katika kufanya usafi huo, toeni picha za pasipoti za wageni kundini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na dereva anayepokea wageni anahitaji majina yao na namba ya ndege tu.

Bosi wetu yuko Denver, Marekani. Ujumbe wake huanza tukiwa mezani kwa chakula cha jioni na kuendelea hadi usiku wa manane. Je, tunalazimika kujibu? (Wafanyakazi watatu, Usa River)

Denver iko nyuma yetu kwa saa 9 wakati wa kiangazi chao na saa 10 wakati wa baridi. Akifungua kompyuta saa tatu asubuhi kwake, huku ni saa 12 jioni au saa 1 usiku. Inawezekana kabisa kwamba anaandika kwa sababu ndiyo saa yake ya kazi na hategemei jibu hapohapo, lakini kwa kuwa hajasema, nanyi mnaogopa kunyamaza, mmejikuta mnafanya zamu mbili. Mwombeni aandike mwanzoni mwa kila ujumbe kama ni wa kesho au ni wa dharura. Ninyi mtumieni muhtasari saa 11 jioni: kilichokamilika, kilichokwama, na mnachohitaji aamue. Mkiufanya vizuri, mtaamka na majibu tayari.

Kuhusu kulazimika, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Saa za ziada huhitaji makubaliano, hazizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na hulipwa kwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Ukomo wa saa haumhusu meneja anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, kwa hiyo someni mikataba yenu kabla ya kuzungumza naye.

Kiongozi wetu wa misafara hutuma ujumbe wa sauti wa dakika saba. (Bukingi, Moshi)

Mwacheni aseme, hasa akiwa mlimani na vidole vimeganda. Ila anayeupokea aandike mistari miwili chini yake, kwa kuwa sauti haitafutiki.

Nitajuaje kama wanafanya kazi kweli? (Hakutaja mahali)

Tazama kazi iliyofika na tarehe iliyoahidiwa. Alama ya kijani kando ya jina lake inaonyesha tu kwamba simu imewashwa.

Je, kuna jambo ambalo halifai kabisa kuandikwa na kungojewa? (Mwongoza watalii, Moshi)

Lipo, nawe unalijua kuliko mimi. Mgeni aliye mlimani akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi akiwa amepumzika, anateremshwa mara moja, na ofisini hupigiwa simu ya zamu, si kutumiwa ujumbe. Simu hiyo iwe moja, ikae na mtu mmoja kwa wiki nzima, na isitumike kwa jambo lingine lolote. Mtandao ukikosekana kambini, ruhusa ya kuteremka iwe imeshaandikwa kabla ya kuondoka getini, ili pasiwe na mtu wa kungojewa.