Gauni la Harusi Linakula Nini Hadi Bei Ipande?

SWALI: Mdogo wangu anaolewa kanisani hapa Jinja. Gomesi yake, lile vazi la asili, ya kwanjula (sherehe ya utambulisho) ilikula mita 6 na ikashonwa kwa siku mbili. Fundi wa gauni jeupe anataka wiki 6, na bei yake ni mara kadhaa ya gomesi, ilhali satini tuliiona Kiyembe, kwenye maduka ya vitambaa Kampala, na bei yake si ya kutisha. Je, anatupunja?
Dada wa bibi harusi

JIBU: Dada, unayolipia hasa ni kazi ya mikono ya fundi, wala si satini. Gomesi haibani mwili. Mshipi ndio unaoikusanya kwenye nyonga, kwa hiyo ikizidi sentimita 5 hakuna atakayejua. Gauni lisilo na mikono wala kamba za mabegani halina pa kujificha. Kifua cha gauni chenye mishono 8 kikizidi nusu sentimita kwenye kila mshono, jumla ni sentimita 4, na bibi harusi atashinda akilivuta gauni juu mbele ya padri.

Ndiyo maana fundi mzuri hushona kwanza kifua cha majaribio kwa amerikani, akakirekebisha mwilini, ndipo aikate satini. Kazi moja, imeshonwa mara mbili. Kifua chenyewe kina tabaka tatu: satini, pamba ngumu inayobeba vijiti vya plastiki 10 hadi 12, na bitana. Kiunoni, kwa ndani, hupita mkanda wa riboni wenye kulabu. Huo ndio unaobeba uzito wa sketi. Ukikosekana, uzito wote huning'inia kifuani na gauni huteremka.

Sketi ya duara kamili, kiuno sentimita 70 na urefu sentimita 110, ina pindo la karibu mita 7.6, na bitana ina lake. Kabla ya kupindwa, sketi ining'inizwe angalau usiku mzima, kwa kuwa sehemu zilizokaa mshazari hurefuka zenyewe. Fundi anayekimbizwa huiruka hatua hii, na pindo linatoka mawimbi.

Shanga ndizo zinazomeza siku. Shanga 2,000, kila moja sekunde 15, ni saa 8 na dakika 20 bila kupumzika, na uzi unatakiwa kufungwa fundo kila baada ya shanga chache ili ukikatika zisimwagike zote. Tena satini haisamehe: mshono ukifumuliwa, matundu ya sindano yanabaki; likidondoka tone la mafuta ya cherehani, kipande kizima kinakatwa upya.

Mkitaka kupunguza gharama, punguzeni shanga, fupisheni mkia, wekeni zipu badala ya safu ya vifungo vya vitanzi. Majaribio ya amerikani na mkanda wa kiuno msiviguse.

SWALI: Nikinunua kitambaa mwenyewe, nitaokoa pesa?
Msomaji, Mbale

JIBU: Utaokoa ukimwuliza fundi kwanza idadi ya mita na upana wa kitambaa. Nunua chote kwenye jora moja, kwani weupe wa jora mbili hautalingana kwenye picha. Ongeza kidogo pia: vipande vyote vya satini hukatwa vikielekea upande mmoja, la sivyo mng'ao unapishana, na mabaki yanakuwa mengi. Siku ya kupima urefu, bibi harusi aje na viatu vilevile atakavyovaa kanisani.