Unataka kufuma Fair Isle? Anza na sufu, paterni baadaye

Naishi Glasgow na nafuma, kwa hiyo meseji nazopata kutoka kwa mashoga zangu wa Dar, Nairobi mpaka Muscat ni ileile, shoga nitumie paterni ya lile sweta la marangirangi la Scotland. Paterni zipo tele mtandaoni jamani, nyingine bure kabisa. Kinachowaangusha wengi ni uzi. Mtu anachukua paterni ya Fair Isle anaenda kununua akriliki, ule uzi wa plastiki unaoteleza, anahangaika nayo weee, mwisho kazi inatoka imejikunja na ina matundu kila rangi inapobadilika, halafu anasema hizi kazi za wazungu zina uchawi.

Huu mtindo wa marangirangi umepewa jina la Fair Isle, kisiwa kidogo kweli, kipo katikati ya visiwa vya Orkney na Shetland, huko kaskazini mwa Scotland ambako upepo hauna adabu. Kondoo wa Shetland ni wadogo na sufu yao ni nyembamba ila ina vinyweleo vinavyong'ang'aniana, ukiishika dukani utaona inakwaruza kidogo, na wengi hapo ndo wanairudisha wanabeba merino, sufu laini zaidi. Usirudishe! Hivyo vinyweleo ndo vinashikilia rangi mbili zikae pamoja bila kuacha mwanya, na ukishaifua sufu inafunguka, inalainika, mishono inajaa. Mie sisemi kitu juu ya sweta la Shetland kabla halijaingia kwenye maji.

Majina mawili ya wauza sufu hiyo utayasikia sana, Jamieson & Smith ya Lerwick, na Jamieson's of Shetland wenye kiwanda chao Sandness, ni kampuni tofauti msizichanganye. Donge lao la kawaida ni gramu 25, la Jamieson & Smith lina kama mita 115, na huo udogo unakusaidia maana unataka rangi nyingi kidogokidogo. Wa Kenya, Nanyuki kuna kina mama wanasokota sufu kwa mkono, nayo inashikana vizuri ila ni nene, kwa hiyo punguza idadi ya mishono.

Kabla hujalipia rangi ziweke pamoja uzipige picha na simu, ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe. Rangi mbili zikitoka kijivu kilekile maua yako hayataonekana, hata kama kwa macho moja ni nyekundu na nyingine kijani.

Sasa kufuma kwenyewe. Mstari mmoja rangi mbili tu basi, hata kama sweta zima lina kumi na ngapi huko. Rangi ambayo huitumii inapita nyuma ya kazi, na hapo ndo pa kuwa makini maana mkono unapenda kuvuta, kwa hiyo kila ukitaka kubadilisha rangi tandaza kwanza mishono kwenye sindano ya kulia ndo uendelee. Rangi moja ishike mkono wa kulia nyingine kushoto, na usizihamishe katikati ya kazi, ukihamisha rangi iliyokuwa inajitokeza inarudi nyuma na mtu akiangalia anaona kabisa hapa kuna kitu kimebadilika. Na fuma kwa duara ili uso wa kazi ukuangalie wewe muda wote.

Hata kadigani, sweta la kufungua mbele, inafumwa duara hivyohivyo, bomba zima, unaongeza mishono michache pale mbele, halafu unachukua mkasi unakata katikati. Mkasi kweli. Sufu ya Shetland haifumuki hovyo kwa sababu ya vile vinyweleo, ila kama umeng'ang'ania akriliki yako basi pitisha cherehani pande zote mbili kabla hujakata, la sivyo utalia.

Ngoja niseme na bei maana naona watu wanashangaa. Wanawake wa Shetland walikuwa wanafuma huku wanatembea, kikapu cha udongo mkavu wa kuwashia moto kipo mgongoni, kiunoni mkanda wa ngozi wenye vitundu wanachomeka sindano moja. Na karne ya 19 wengi wao pesa hawakuiona, mwenye duka alichukua kazi akawapa chai na vitambaa kwa bei aliyopanga yeye. Baadaye, 1922, mtoto wa mfalme aliyekuja kuwa Edward VIII akavaa sweta la Fair Isle kwenye gofu St Andrews, na matajiri wote wakalitaka. Kwa hiyo ukikutana na fundi anauza la mkono usianze na punguza, punguza. Na wewe ukifumia watu chaji, habari za "ni shemeji yangu" ziishe.

Wanaoniagiza Harris Tweed, hicho ni kitambaa, kinafumwa kwenye kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia vitambaa, siyo kwa sindano. Kuna sheria yake kabisa ya 1993, lazima sufu itiwe rangi na kusokotwa kwenye visiwa vya Outer Hebrides, magharibi mwa Scotland, na mfumaji awe mtu wa hukohuko anafumia nyumbani kwake. Angalia alama ya Orb, tufe lenye msalaba juu. Begi likiandikwa tu mtindo wa Harris, pita.

Kwa kuanza fuma kofia ya bereti. Ukimaliza iloweke maji ya uvuguvugu, usisugue wala usiirushe ghafla kwenye maji ya baridi itasinyaa, kamua kwa kuiviringisha kwenye taulo, halafu ivalishe sahani ya chakula ikaukie hapo, itakaa umbo lake vizuri sana. Nyie wa Dar na Mombasa fumeni foronya ya mto wa kochi, ni bomba tu hakuna kupunguza mishono, na hakuna atakayekuuliza sweta la nini na joto hili. Ila iangalie mara kwa mara, nondo wanaipenda sufu kuliko wageni wako.