Ukiambiwa "Hamna Shida", Uliza Tena

Mhariri, swali lenu la wiki limeuliza: mkiwa kundi kubwa, mnachaguaje mahali pa kula chakula cha jioni nje ya katikati ya jiji? Nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi kwenye ukoo wetu hapa Dar es Salaam, na mara mbili nimetwishwa kazi ya kutafuta mahali pa kuvunja kamati. Mara ya kwanza nilivurunda. Mara ya pili watu walikula wakashiba, na saa nne usiku wengi wao walishapanda magari. Naomba nafasi nieleze zote mbili.

Kwa asiyejua mambo ya huku: harusi ikishapita, kamati iliyokusanya michango hukutana kwa mara ya mwisho. Mweka hazina anasoma mahesabu, maharusi wanakuja kushukuru, kilichobaki kwenye mfuko kinaliwa. Wengine hufanyia nyumbani kwa mwenyekiti. Mwenyekiti wetu anaishi chumba na sebule Kimara, kwa hiyo hilo halikujadiliwa.

Mara ya kwanza, baada ya kumlipa mwenye ukumbi, mpambaji, MC na watu wa matarumbeta, tulibakiwa na 620,000. Kamati watu 24. Nikagawa, ikaja 25,000 kwa kichwa na chenji kidogo. Nikaandika kwenye grupu la WhatsApp kila mtu apendekeze mahali. Kosa la kwanza hilo. Ndani ya saa moja yalikuja majina kumi na moja, kila mtu na baa ya jirani yake, na picha za kuku wanaong'aa kama wamepakwa vanishi. Mwisho ilishinda sehemu moja ya Mbezi Beach yenye bustani na taa za rangi zilizoviringishwa kwenye minazi. Walioipigia kura hawakuwa wamekula pale. Walikuwa wamepiga picha pale.

Nikapiga simu. Tuko watu 24, Jumamosi, saa moja usiku. "Hamna shida, dada." Tutapenda kuku, mbuzi, ndizi na chipsi. "Hamna shida." Mna meza ya kukaa pamoja? "Hamna shida, nyie njooni tu." Nikakata simu nimefurahi. Leo nikijibiwa hivyo mara tatu mfululizo natafuta namba nyingine.

Tulikuta wahudumu wawili kwa bustani nzima. Menyu zilikuwa nne, zikazunguka kama sahani ya sadaka, kila mtu akaagiza chake: huyu nusu kuku kavu, yule makange, mwingine mishikaki, mwingine chipsi mayai bila kitunguu. Oda 24, hakuna mbili zilizofanana. Chipsi zikaanza kuja sahani nne, kimya kirefu, sahani nne tena. Nilipochoka kungoja nikaenda nyuma. Kulikuwa na karai moja. Pembeni kijana anachoma nyama kwenye jiko la nusu pipa, anapepea mkaa kwa kipande cha boksi la bia, jasho linamtiririka. Nyama ya bustani nzima ilikuwa inapita kwenye wavu ule mmoja. Nilikuwa nimeenda kugomba, nikarudi bila kusema kitu. Ningemgombesha nani pale?

Mezani walioletewa mwanzo waliona haya kuanza, wakangoja wenzao, chakula kikapoa. Saa tatu na nusu nilihesabu sahani kumi na tatu. Shangazi yake bwana harusi, anayekaa Mbagala, akasema daladala za kwao zinaanza kuwa za kugombania, akanyanyuka. Kuku wake akafungwa kwenye foili akiwa bado mwekundu mfupani. Tangu siku hiyo kila akiniona kwenye shughuli, msibani hata, ananiuliza kama kuku wangu ameshaiva.

Harusi iliyofuata, kamati ileile kwa sehemu kubwa, nikasema safari hii hakuna kura. Nilianza kwa kuandika watu wanakolala. Tabata na Segerea 6, Kimara 5, Mbagala 4, Goba 4, Tegeta 3, Kigamboni 2. Kila mmoja ukimuuliza anasema "tukutane katikati", na katikati yake iko dakika kumi kutoka kwake. Ukiangalia barabara, jibu linajitokeza lenyewe. Wa Kigamboni wenye gari wanavuka Daraja la Nyerere, lile lililofunguliwa 2016, wanalipa tozo, wanaingia Barabara ya Mandela. Wa Mbagala wanapanda na Kilwa Road nao wanaishia Mandela hiyohiyo: TAZARA, Buguruni, Tabata, mpaka Ubungo. Wa Tegeta wanashuka na Bagamoyo hadi Mwenge, wanakata Sam Nujoma. Wa Goba wanatokea Makongo. Sisi wa Kimara tunanyoosha na Morogoro. Mafundo yote yanakutana Ubungo, penye Daraja la Kijazi lililozinduliwa 2021. Kwa hiyo nikajifunga: mahali pawe kati ya Sinza na Tabata, basi. Mbezi Beach kuna upepo mzuri, sikatai, lakini kwa mtu wa Mbagala asiye na gari ule upepo anaulipia kwa Bolt ya saa tano usiku. Kwangu mimi, anayerudi mbali zaidi bila gari ndiye mwenye kura ya turufu, hata kama ndiye aliyechangia kidogo.

Kisha nikaenda kutazama. Nilikwenda Jumamosi, saa mbili usiku, siku na saa ileile tuliyopanga kula, kwa sababu Jumanne saa nane mchana kila mgahawa una adabu. Nikiingia, naagiza kitu kidogo, ndizi mbili na mishikaki minne, natazama saa. Halafu nasema naenda chooni. Choo kinakwambia kama kuna maji, na njia ya chooni karibu kila mara inapita karibu na jiko. Nahesabu majiko ya mkaa, nahesabu makarai, natazama kama anayechoma ana msaidizi.

Pa kwanza palikuwa Sinza, chakula kizuri, lakini kila ukuta una televisheni na spika imeelekezwa kwenye meza kubwa. Hapo huwezi kusoma mahesabu. Na ikitokea ndiyo siku ya Simba na Yanga, hata bibi harusi hatapata kiti. (Wanaopanga shughuli zenu, tazameni ratiba ya ligi kabla ya kutazama kalenda ya kanisa.)

Pa pili, Sinza hukohuko, palinipa somo lingine. Kamati yetu ina Waislamu tisa na Wasabato wawili. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ndiyo sifa ya baa nyingi za pembeni ya jiji, na mimi mwenyewe sina ugomvi nayo. Ila pale niliona kwa macho: kibao kimoja, kisu kimoja. Kijana alikata kitimoto, akafuta kisu kwenye aproni, akavuta kuku. Ukipiga simu ukauliza "mna kuku?", utajibiwa mnao, na si uongo. Kinachotakiwa kuulizwa ni nani amechinja na wavu wake uko wapi. Wasabato nao wasisahauliwe. Zaidi ya nguruwe, hawali kamba, pweza wala kambale, na Jumamosi yao haijaisha mpaka jua lizame. Kwa Dar hiyo ni kama saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo saa moja usiku waliiafiki, wakashukuru kwamba kuna aliyekumbuka. Bajeti ya kitimoto niliambiwa iwekwe pembeni. Nikajibu wanaoitaka wataipata siku yao.

Pa tatu palikuwa Tabata, ndani kidogo, barabara ya vumbi, bango limepauka. Nisingeingia kama si mwanakamati mmoja kunisukuma. Mwenye mgahawa ni mama wa makamo, amekaa kaunta na daftari la hesabu lenye kamba ya kalamu. Nikampa maelezo yangu: watu 24, Jumamosi, saa moja. Nikangoja "hamna shida". Haikuja.

"Saa moja ya kwenye meseji au saa moja ya kukaa?" akaniuliza.

Nikacheka. Nikasema ukweli, watakaa saa moja na nusu, wengine saa mbili.

"Basi kuku wanaingia motoni saa kumi na mbili na nusu. Kuna hotuba?"

"Ipo. Na mahesabu."

"Kabla ya chakula au baada? Niambie sasa hivi, mwanangu, maana pilau linangoja, kuku hangoji."

Akauliza wazee ni wangapi, kwa sababu ya viti vya plastiki na migongo. Akauliza nani hali nini. Akauliza analipa mtu mmoja au kila mtu na mfuko wake. Mimi nikajitia ujuzi, nikamwambia ningependa samaki wa kupaka kwa wote. Akatikisa kichwa. "Samaki 24 kwa mpigo sina jiko lake. Nitakufanyia wa watu wanane, wengine kuku na mbuzi. Ukitaka samaki kwa wote, katafute kwingine, sitakasirika." Sikumbuki mfanyabiashara mwingine aliyewahi kukataa hela yangu akiwa anacheka. Nikatoa kalamu.

Oda yenyewe tuliimaliza kwa dakika kumi. Masinia manne, kila moja la watu sita: pilau chini, kuku na mbuzi wa kuchoma juu, ndizi mzuzu pembeni, kachumbari na pilipili kwenye vibakuli tofauti, na bakuli la samaki kwa waliomwomba. Sinia ndilo limetuokoa. Likifika mezani limewafikia sita kwa pamoja, hakuna wa kuona haya, na jikoni wanapika vitu vitano badala ya ishirini na nne. Nilitaka meza moja ndefu ya kupendeza kwenye picha, akanikatalia hiyo nayo. Meza ya watu 24, alisema, ni daladala, wa nyuma hajui wa mbele anacheka nini. Tukakubaliana meza nne zitazamane.

Bei 22,000 kwa kichwa, maji na soda ndani, bia kila mtu mfuko wake na bili yake. Kwenye bia naomba nisisitize, maana nimeona undugu ukitetereka kwa chupa sita. Asiyekunywa hatakiwi kumnywesha shemeji yake kwa pesa ya kamati. Nikauliza kama VAT ile ya 18% imo kwenye bei au inaongezwa mwishoni. Imo. Nikauliza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ipo. Mweka hazina akisimama na karatasi ya kuandikwa kwa mkono mbele ya kamati, ajue kuna mjomba atauliza. Nusu nililipa kwa Lipa Namba ya mgahawa, jina la biashara likatokea kwenye simu kabla sijabonyeza. Iliyobaki baada ya kula. Idadi ya mwisho Alhamisi saa sita mchana, na baada ya hapo asiyekuja amelipiwa.

Nusura nisahau jenereta. Nilimwomba aiwashe niisikie. Akanitazama kama nimechanganyikiwa, akaiwasha. Ilikuwa nyuma ya ukuta, hatua tatu kutoka meza aliyotupangia. Tukahamia upande wa pili, chini ya mwembe.

Siku yenyewe umeme ulikatika saa mbili kasorobo. Jenereta ikanguruma kule mbali, mwenyekiti hata hakusita katika hotuba yake, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Alikuwa ameahidi dakika tano. Dakika ya kumi na mbili mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni akimwangalia tu. Hakusema neno. Mwenyekiti akasema, "Kwa hayo machache," akakaa.

Masinia yakatoka yote manne, vijana wanne, mwendo mmoja. Nilichungulia saa, saa mbili na dakika tatu. Pilipili ilikuwa kali mno, samaki alikuwa na chumvi kidogo zaidi, na mtu mmoja wa Goba alifika saa tatu akakuta mifupa na ndizi, akapewa sahani iliyokuwa imewekwa kando kwa ajili yake. Mahesabu nikayasoma watu wakiwa wanachokonoa meno, muda mzuri kuliko wote wa kusoma mahesabu.

Shangazi wa Mbagala nilimweka makusudi kwenye meza ya kwanza. Alivunja paja la kuku, akaligeuza, akatazama mfupa kwa karibu kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akala. Hakusema kitu. Saa tatu na nusu alifunga kitenge vizuri, akamwita mhudumu, akaomba foili.