Spec Ops: The Line: vumilia risasi, fuata hadithi

Umeuliza kama Spec Ops: The Line, mchezo wa video wa kivita wa 2012, ina thamani ya muda wako, maana kila mtu anakwambia hadithi ni moto ila uchezaji unachosha. Icheze, ila weka kiwango rahisi.

Kwenye uchezaji hawakusingizii. Unajibanza nyuma ya ukuta, unachungulia, unapiga, unahamia ukuta mwingine. Kuna nyakati Walker, mhusika unayemwongoza, anang'ang'ania ukuta huku wewe unataka akimbie, utatukana!

Lakini msikilize. Mwanzoni Kapteni Walker anaingia Dubai iliyofukiwa na mchanga kumtafuta Kanali Konrad, na anatoa amri kwa utulivu wa askari aliyefunzwa. Kuelekea mwisho amri zilezile anazifokea kwa hasira, sura imechafuka damu na vumbi. Hata maandishi yanayotokea wakati mchezo unapakia yanageuka: kwanza yanakupa dondoo, baadaye yanakuuliza kama bado unajiona shujaa.

Ukifika kwenye tukio la fosforasi nyeupe, silaha inayounguza watu, usiharakishe. Unalenga kupitia skrini ya rangi nyeusi na nyeupe, watu ni vidoti tu, na uso wa Walker unaakisi kwenye kioo. Kisha inabidi upite hapohapo kwa miguu. Sitakuharibia zaidi.

Ni fupi, saa 6 au 7 hivi. Tatizo ni kuipata: Januari 2024 iliondolewa Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, kwa sababu ya leseni kuisha muda, kwa hiyo tafuta diski iliyotumika.