Kwa nini kisomaji cha vitabu ni adimu madukani Mwanza, na namna ya kukipata

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari Nansio, kisiwani Ukerewe. Nimezunguka maduka ya vifaa vya kielektroniki jijini Mwanza, kuanzia Makoroboi hadi Rock City Mall, nikitafuta kisomaji cha vitabu, kile chenye kioo kinachofanana na karatasi. Kila nilipoingia nilioneshwa kishikwambi. Kwa nini vifaa hivi havipatikani, na nikiagiza niangalie mambo gani?

Jibu: Ndugu Mwalimu, tatizo halianzii kwa wauzaji uliowatembelea. Duka la rejareja la Mwanza kwa kawaida huchukua mzigo wake kutoka kwa wauzaji wa jumla wa Kariakoo, nao huagiza Dubai au China bidhaa wanayojua itatoka haraka. Kisomaji cha vitabu hakikukuzwa kwa njia hiyo. Tangu Amazon ilipotoa Kindle, kisomaji chake cha kwanza, mwezi Novemba 2007, kifaa hiki kimefungamanishwa na duka la vitabu la mtengenezaji mwenyewe, ambaye hutegemea faida kutoka kwenye vitabu ambavyo mteja ataendelea kununua kwa miaka. Kobo, chapa nyingine ya visomaji iliyo chini ya kampuni ya Rakuten ya Japani tangu mwaka 2012, nayo imejengwa juu ya duka lake la vitabu. Mahali ambapo wanunuzi wa vitabu vya kielektroniki ni wachache, mtengenezaji hana haraka ya kutafuta wakala. Pasipo wakala hakuna dhamana wala vipuri, na mwenye duka akiweka visomaji vitano rafuni anajua mtaji wake utalala hapo.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza kifaa kinapatikana wapi, amua kwanza utasoma mafaili gani. Ikiwa unakusudia hasa vitabu vya kiada vilivyomo katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ushauri wangu ni kwamba usinunue kisomaji kidogo cha inchi sita. Vitabu vya namna hiyo huwa katika PDF, ambayo hushika ukurasa mzima kama ulivyopangwa, kwa hiyo maandishi yatakuwa madogo mno na picha za rangi zitaonekana za kijivu katika visomaji vingi. Kwa kazi hiyo kishikwambi, kama vile walivyopewa walimu baada ya Sensa ya mwaka 2022, kinafaa zaidi. Kisomaji huonesha ubora wake kwenye riwaya, insha na hadithi zilizo katika mfumo wa EPUB, ambao maandishi yake hujipanga upya kulingana na ukubwa wa herufi unaoutaka. Hadithi nyingi za Kiswahili za African Storybook, maktaba ya mtandaoni ya hadithi za watoto, hupatikana bure katika mfumo huo.

Hapo ndipo tofauti ya chapa inapoanza kuwa na maana kwa mtu anayeishi kisiwani. Kobo na PocketBook hufungua EPUB iliyohamishwa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Kindle haifungui EPUB iliyowekwa kwa waya. Tangu mwaka 2022 huipokea kupitia huduma ya mtandaoni ya Amazon inayoibadilisha, au utalazimika kuibadilisha mwenyewe kwa programu ya bure ya Calibre. Isitoshe, mwezi Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua kwenye kompyuta vitabu vilivyonunuliwa kwake na kuvihamisha kwa waya. Kwa mtu wa Nansio ambaye hataki kutegemea bando kila anapotaka kitabu, ningechagua kifaa kinachopokea EPUB kwa waya, hata kama bei yake iko juu kidogo.

Ukiagiza kutoka nje, mwombe wakala akupe gharama yote hadi mzigo unapofika mkononi mwako: bei ya kifaa, usafiri, ushuru wa forodha kulingana na jinsi kilivyoainishwa, VAT ya asilimia 18, malipo ya wakala, na nauli ya kifurushi kwa basi hadi Mwanza. Mweleze mapema kwamba kifaa kina betri ya lithiamu, kwa kuwa usafirishaji wa betri hizo kwa ndege una masharti yake.

Kifaa kilichotumika ndicho kinachohitaji uangalifu mkubwa kuliko vyote. Kioo cha aina hii hutengeneza maandishi kwa chembe nyeusi na nyeupe zinazosogezwa kwa umeme, na zikishatulia hubaki zilipo bila kutumia umeme wowote. Ndiyo maana chaji hudumu kwa majuma. Lakini hiyo pia ina maana kwamba kifaa kilichokufa kabisa kinaweza kuonesha picha safi, na picha aliyokutumia muuzaji kwa WhatsApp haithibitishi chochote. Dai kiwashwe mbele yako na kurasa zifunguliwe mara nyingi. Mstari au doa lisilobadilika ni dalili ya kioo kilichovunjika ndani, na kukibadilisha huweza kukaribia bei ya kifaa chenyewe. Vilevile muuzaji aondoe akaunti yake kabla hujalipa, kisha ujaribu kuingiza yako, kwa sababu kifaa kilichoripotiwa kuibwa kinaweza kuzuiwa kusajiliwa. Ukikipata, kinunulie kava gumu. Kwenye kivuko, mkoba uliojaa madaftari unaweza kukibana hadi kioo kikapasuka.

Ikiwa kuna walimu wenzako wanaokihitaji, msiagize mmoja mmoja. Nendeni kwa mwenye duka mmoja wa Mwanza anayesafiri au kuagiza mara kwa mara, mkiwa na idadi kamili, aina moja ya kifaa na malipo ya awali. Mzigo wenye wanunuzi tayari haulazi mtaji wa mtu, na hiyo ndiyo sababu pekee inayoweza kumfanya auingize. Mkubaliane kwa maandishi kwamba atatoa risiti ya EFD, kwamba kila kifaa kitajaribiwa kabla ya malipo ya mwisho, na nani atabeba hasara ya kitakachofika kimepasuka.