Fundi Anajibu: Nipachike 1JZ kwenye GX100 ya Baba, au Ninunue Gari la Drifti Lililo Tayari?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni kijana wa hapahapa Tanga, naishi Chuda, nafanya kazi kwa wakala wa forodha bandarini. Nina Mark II GX100, injini 1G, gia otomatiki, alituachia marehemu baba. Siku za kazi naiendea bandarini, na mama akiwa na kliniki Bombo ndiyo inayompeleka. Sasa nataka gari la drifti, ule mchezo wa kutelezesha gari kwenye kona. Rafiki yangu ananiambia niende Gerezani, kule kwenye spea Dar, nichukue injini ya Toyota ya 1JZ yenye turbo, nije niipachike kwenye hiyohiyo GX. Upande wa pili kuna mtu Dar anauza Toyota Chaser iliyokwisha kuwekwa 1JZ, ina handibreki ya kusimama na difu imechomelewa. Bei yake ni kama mara mbili ya bei ya injini. Pesa nimeiweka kwa tabu. Nifanye lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mzee wako.

Kwanza ujue maslahi yangu yako wapi. Kubadilisha injini kunanilipa kuliko kwenda kukagua gari la mtu, kwa hiyo ningekuwa natazama mfuko wangu ningekwambia GX niletee kesho asubuhi. Lakini jibu langu ni hili: nunua gari lililo tayari. Si lazima liwe hilo la Dar. Na gari la baba liache na 1G yake.

Wewe umelinganisha bei ya injini na bei ya gari zima. Hapo ndipo vijana wanapoingizwa mjini. Injini ni mwanzo tu wa hesabu. Ukishaishusha pale gereji, tunaanza kuulizana: giaboksi iko wapi? Yako ni otomatiki, na drifti inataka klachi. Turbo ya 1JZ inakwenda na giaboksi ya R154, ile ya gia tano iliyokuwa kwenye Tourer V, yaani Mark II na Chaser za turbo, na hiyo siku hizi inatafutwa kama dawa. Watakuuzia W58 kwa bei nafuu. Inafunga, lakini ilitengenezwa kwa injini zisizo na turbo, na ukiipa kazi ya kupiga klachi kila kona gia zitakwisha meno. Ukipata giaboksi, unataka pedali ya klachi, masta ya juu na ya chini, flaiwili, na propela ya kukatwa na kusawazishwa. Halafu rejeta kubwa zaidi, intakula ya kupoza hewa ya turbo na mabomba yake, pampu ya mafuta yenye msukumo, breki za kulisimamisha gari lililoongezewa nguvu. Difu ya GX ni ndogo kuliko ya Tourer V, nayo itadai haki yake.

Bado sijagusa umeme, na huko ndiko kazi nyingi zinakolala. Ukinunua injini hakikisha inakuja na waya zake zote na kontrol boksi yake, yaani kompyuta ya injini, ya gia za mkono, si ya otomatiki. Kuna kijana aliniletea injini safi kabisa, haina hata tone la oili, lakini waya zilikuwa zimekatwa kwa koleo karibu na plagi zake, vimebaki vipande vya urefu wa kidole. Muuzaji alitaka kuitoa haraka. Fundi umeme alikaa chini ya boneti na taa ya majaribio, anaunga rangi moja moja, na gari likishawaka linazima lenyewe likipata moto. Gharama ya siku zile hakuna aliyeiandika kwenye bajeti.

Na uulize 1JZ gani. Wauzaji wanasema "One Jay" wakanyamaza. Kuna 1JZ-GE, haina turbo, ndiyo iliyojaa kwenye magari ya kawaida. Unayoitaka wewe ni 1JZ-GTE. Za mwanzo, kuanzia 1990, zina turbo mbili ndogo. Kuanzia 1996 wakaweka turbo moja na VVT-i, mfumo wa kurekebisha muda wa vali kufunguka, na hiyo ndiyo ya Tourer V ya bodi ya JZX100. Zote zina ujazo wa lita 2.5, na kwenye karatasi zote ni nguvu za farasi 280, kwa sababu viwanda vya Japani vilikuwa vimekubaliana visitangaze zaidi ya hapo. Bodi ya GX100 na ya JZX100 ni moja, hivyo mauntingi za JZX zinakaa bila kuchomelea chochote. Huo ndio upande mzuri wa ushauri wa rafiki yako, simnyimi haki yake. Lakini ukichukua injini iliyotoka kwenye gari la ukoo mwingine, sampu, lile karai la oili chini ya injini, inaweza kugonga chesisi.

Sasa mama. Gari la drifti si gari la kumpeleka mzazi kliniki. Difu ikichomelewa, tairi za nyuma mbili zinazunguka sawasawa hata kwenye kona, kwa hiyo ukikunja polepole pale geti la hospitali gari linaruka na kulia chini. Shokapu ngumu, klachi nzito, injini inapiga joto kwenye foleni. Na likiharibika Jumapili jioni ukiwa unacheza, Jumatatu bandarini unakwenda na bodaboda. Ndiyo maana nasema magari yawe mawili.

Hiyo Chaser usiilipie kabla hujaiona kwa chini. Mwambie mwenyewe asiiwashe mpaka ufike. Ukifika weka mkono kwenye injini. Ikiwa ina joto, amekwisha kuiamsha na anajua kwa nini. Iwashe ikiwa baridi, utazame bomba la moshi. Moshi wa buluu unaoendelea ni oili inaungua, ama ringi ama turbo. Pima pumzi ya silinda zote sita kwa geji ya kompresheni, usikubali kuambiwa "iko freshi".

Kisha fungua boneti utazame pale shokapu za mbele zinapofungwa juu. Gari lililogongagonga ukingo wa barabara huonesha nyufa hapo, au rangi mpya ya mahali pamoja tu. Ingia chini na tochi: vishikio vya difu, mikono ya nyuma, sakafu. Kama limekaa pwani, piga sakafu kwa bisibisi. Chumvi ya bahari hula bati kutoka ndani, juu kukawa kuna puti na rangi inayong'aa. Mimi puti naijua kwa sauti; bati hulia, puti hunyamaza.

Na kabla ya yote hayo, kadi. Kadi ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa, mwenye gari anatakiwa aende TRA taarifa zibadilishwe. Ukikuta kadi bado inasema 1G na ndani mna 1JZ, mwambie alimalize yeye kabla ya kukuuzia. Akikwambia "hilo dogo, utalifanya mwenyewe", rudi Tanga. Na hapo hujui kama injini yenyewe ni halali au imetolewa kwenye gari la mtu lililoibwa. Wewe ni mtu wa forodha, karatasi unazijua kuliko mimi.

Ikiwa Chaser imefeli, usirudi kwenye wazo la kuichana ya baba. Tafuta Altezza ya gia sita yenye injini ya 3S, bodi ya SXE10, ambayo tangu kiwandani inavuta nyuma na ina klachi. Farasi 210. Haitatoa moshi wa tairi kama 1JZ, lakini utajifunza. Keiichi Tsuchiya, aliyeifanya drifti ijulikane duniani, alijijengea jina na Corolla ya AE86 yenye injini ya lita 1.6 na uzito wa chini ya tani moja. Farasi wengi kwa anayeanza wanaficha makosa ya mikono yake; kona ikikushinda unakanyaga moto, gari linazunguka, unadhani umecheza.

Na tengea tairi za nyuma fungu lao. Zitakwisha kabla hujazoea.

SWALI: Fundi, nina IST na nikivuta handibreki kwenye mchanga inageuka vizuri tu. Si drifti hiyo? — Msomaji wa Pangani.

JIBU: Hapana, ndugu yangu. IST inavuta mbele. Handibreki inaziburuza tairi za nyuma, gari linageuka mara moja, basi limekwisha. Drifti ni tairi za nyuma kuteleza kwa nguvu ya injini huku wewe unaishika kona yote kwa stelingi na mafuta. Usiendelee kuivuta hivyo, utakata kebo.

Na wote wawili, msifanyie barabarani, si Raskazone wala barabara ya Pangani. Michezo ya magari nchini iko chini ya AAT, chama cha magari cha Tanzania. Waulizeni siku za mashindano na mazoezi, na mwende na helmeti zenu.