Mbuzi ana vidonda, nipake mwarobaini?

SWALI: Shikamoo daktari, mbuzi wangu wana vidonda vya usaha mgongoni, jirani kanambia niachane na sindano nipake mwarobaini, ni kweli unatibu?

JIBU: Marahaba. Jirani hajakudanganya, maabara mafuta ya mwarobaini yameonekana kuzuia bakteria aina ya stafilokokasi, hao ndo mara nyingi wanaleta usaha, ila kisahani cha maabara sio ngozi ya mbuzi. Kidonda kikiwa kidogo cha juujuu nyoa manyoya, osha kwa maji ya chumvi, kausha ndo upake. Akipata homa au akigoma kula usingoje, muite mtaalamu wa mifugo, na akikupa antibayotiki malizia dozi jamani, maziwa msinywe mpaka siku alizokwambia ziishe.